Bibi Alipokushika Mkono

Bibi yangu alifariki mwaka huu, nyumbani, kitandani mwake, watoto na wajukuu tukiwa karibu. Watu walimwita Sista mpaka siku hiyo, ingawa alikuwa amestaafu uuguzi zamani sana, na wapo waliomfahamu maisha yao yote bila kulijua jina lake. Wasifu uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa wa kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho: mafunzo, vituo vya kazi, umatroni, kustaafu. Lakini nilipokuwa nikiusikiliza niliona kuwa aliyefika pale bila kumjua angeondoka vile vile, hamjui. Ndiyo maana naandika, sauti yake ikiwa bado masikioni mwangu.

Nianze na mkono. Ukifika kwake alikupokea kwa mkono wake wa kulia, akakuuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na wakati unajibu, vidole vyake vitatu vya kati vilikuwa vimeshatua kwenye kifundo cha mkono wako, pale mshipa unapodunda. Kidole gumba hakukitumia kamwe, kwa sababu gumba lina mdundo wake lenyewe, na usipoangalia utahesabu moyo wako ukidhani ni wa mgonjwa. Akimaliza mapigo hakukuachia. Aliendelea kukushika vile vile, macho yameteremka kidogo hadi kifuani kwako, na hapo alikuwa anahesabu pumzi. Hili nililijua nikiwa mtu mzima, aliponieleza mwenyewe: mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha anavyopumua, hata kama hakusudii, kwa hiyo nesi humshika mkono kana kwamba bado yuko kwenye mapigo. Na ni dakika nzima. Akimkuta nesi kijana anahesabu kwa sekunde 15 kisha anazidisha kwa nne, siku hiyo kulikuwa na maneno. "Mgonjwa ana haki ya dakika yake," ndivyo alivyokuwa akiwaambia.

Kwa hiyo miaka yote ile tuliyodhani Bibi anapenda tu kushika watu mikono, alikuwa anatupima. Alijua nani hajalala vizuri, nani ana homa anaificha, nani amepanda ngazi mbio. Shangazi yangu aligunduliwa tatizo la tezi ya shingo kwa sababu Bibi, katika salamu tu, aliona mapigo yanakwenda mbio wakati mwenyewe ameketi na anacheka. Hakusema neno mbele za watu. Alisubiri wageni waondoke, akamwambia, "Mwanangu, kesho nenda ukapimwe damu. Mimi nitakusindikiza."

Alianza mafunzo ya uuguzi miaka ya 1960, akiwa msichana. Alitusimulia kwamba mwanzoni kabisa walifundishwa kufagia wodi, kuosha mabeseni na kutandika vitanda, na wengi wakanung'unika kwamba hawakuja kujifunza kazi za ndani. Kutandika kulikuwa na kanuni zake: shuka livutwe mpaka lisiwe na mkunjo hata mmoja, pembe zikunjwe na kubanwa chini ya godoro. Mkunjo mdogo wa shuka, kwa mtu asiyeweza kujigeuza, hukaa chini ya ngozi yake saa baada ya saa mpaka unachimba kidonda. Kaa nalo hilo la vitanda, maana nitalirudia.

Sindano za wakati huo zilikuwa za kioo. Kila bomba na mchi wake vilikuwa na namba moja, na ukiwekea mchi wa bomba jingine dawa inavuja. Baada ya kutumika ziliachanishwa, zikaoshwa, zikachemshwa, na ncha za sindano zenyewe zilinolewa kwenye jiwe la kunolea zikianza kuwa butu. Bibi alikuwa akipitisha ncha kwenye pamba kabla ya kuichemsha: ikiondoka na nyuzi za pamba, ina kikwaruzo, inarudi kwenye jiwe. Kuna watu walichomwa sindano maisha yao yote na hawakujua kuwa kuna mtu aliyekaa usiku kuhakikisha haitawakwaruza. Zilipokuja za plastiki za kutumia mara moja na kutupa, wenzake wengi walifurahi kwa kupunguziwa kazi. Yeye alifurahi kwa sababu nyingine, nitaisema nikifika huko.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ndui. Alishiriki kampeni za chanjo akiwa nesi mchanga, kwa ile sindano yenye ncha mbili kama uma mdogo, inayochovywa kwenye chanjo kisha kudonolewa juu ya ngozi ya mkono mara 15 harakaharaka. Mtoto yeyote aliyeogopa sindano mbele yake alisimuliwa habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka nchini Somalia. Kijana huyo alifanya kazi hospitalini, na bado aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 aliugua ndui, na duniani kote hakuna mtu mwingine aliyeipata kwa njia ya kawaida baada yake. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Bibi hakuishia hapo, na ninampenda kwa hilo. Angeweza kumfanya Maalin kuwa mfano wa mwoga na kuendelea na sindano yake. Lakini sehemu aliyoisimulia kwa sauti ya chini, akimtazama mtoto usoni, ilikuwa ya baadaye: kwamba Maalin alipokuwa mtu mzima alijitolea katika kampeni za kutokomeza polio nchini mwake, akawa anawaeleza wazazi yaliyompata yeye kwa kukwepa chanjo, na mwaka 2013 alifariki kwa malaria akiwa katika kazi hiyo hiyo. "Umeona?" alimwambia mtoto. "Aliogopa, halafu akawasaidia wengine wanaoogopa." Mtoto alikuwa ameshachomwa tayari.

Kazi iliyomkaa moyoni zaidi ilikuwa ya ukunga. Alikuwa na pembe yake ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, aina iliyobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na mpaka leo wakunga wanaitumia mahali ambapo hakuna mashine au umeme umekatika. Nilimwona akiitumia kwa macho yangu. Mke wa mjomba alikuwa na mimba kubwa, amekuja kumtembelea, akasema tangu asubuhi hamsikii mtoto akicheza. Bibi alimlaza chali, akaweka mto chini ya ubavu mmoja ili asilale bapa kabisa. Alisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa. Kisha akapapasa tumbo taratibu kwa mikono miwili, huku na huku, akitafuta mgongo wa mtoto, maana moyo husikika vizuri upande wa mgongo. Alipoupata aliweka pembe, akainamisha sikio juu yake, akaiachia mkono. Pembe ile haishikwi wakati wa kusikiliza. Inabanwa na sikio tu, kwa sababu vidole navyo vina kelele zake. Mkono ulioachwa huru aliupeleka kwenye kifundo cha mkono wa mama, apate kutofautisha mapigo ya mama na ya mtoto. Uso wake ulikuwa umeelekea miguuni kwa mama, kwa hiyo mama hakuweza kumwona. Sisi tuliokuwa mlangoni tulimwona. Midomo ilikuwa inacheza kimyakimya ikihesabu, macho kwenye saa. Ilipita dakika. Akarudia tena. Akanyanyuka, akasema, "Mia moja na arobaini. Yupo, na yuko vizuri. Lakini tunakwenda hospitali wakamwangalie zaidi, maana wewe ndiye unayemjua, na umesema amebadilika."

Neno hilo la mwisho nimelifikiria mara nyingi. Angeweza kumtuliza kwa ile namba na kumrudisha nyumbani. Alichagua kuamini alichosema mama mwenye mimba hata baada ya masikio yake mwenyewe kumwambia vingine. Mtoto alizaliwa salama na sasa ni kijana mrefu kuliko baba yake.

Saa niliyoitaja ilikuwa ile ya kubandikwa kifuani kwa pini, inayoning'inia kichwa chini ili mwenyewe aisome akiitazama kutoka juu. Mikono inabaki huru, na hakuna mkanda wa saa mkononi wa kubeba uchafu kutoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule. Aliivaa hata baada ya kustaafu, juu ya nguo za nyumbani.

Wodi ya watoto aliizungumzia kwa shida kidogo. Alifanya kazi enzi ambazo kuhara kuliua watoto wengi, na aliona mabadiliko yakija. Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa vita ya Bangladesh walipofurika India na kipindupindu kikaingia kambini, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu kule Bongaon, akaamua kuwapa watu maji yenye sukari na chumvi wanywe, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Vifo vilipungua mno. Habari hiyo ilipowafikia wauguzi kama Bibi kwa njia ya mafunzo, ilibadilisha kazi yao, kwa kuwa sasa dawa ilikuwa kitu anachoweza kukitengeneza mama mwenyewe. Kipimo alikikariri na akatukaririsha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kisha uonje. Yasiwe na chumvi kuzidi machozi. Na mtoto anyweshwe kwa kijiko, kidogo kidogo, hata kama anatapika. Unangoja kama dakika kumi, unaendelea. Kwenye pakiti zilizo tayari alisisitiza watu wasome maelezo, kwa sababu aliwahi kuona mama akiyeyusha pakiti nzima kwenye kikombe kimoja, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.

Namba nyingine alizotufundisha sote, hata wajomba, zilikuwa za pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 kwa dakika au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili mpaka afikishe mwaka, 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia, halii, hanyonyi. Halafu mpandishe nguo utazame chini ya mbavu: akivuta pumzi na sehemu ile ikaingia ndani, usingoje asubuhi. Kama hutachukua chochote katika maandishi haya, chukua aya hii.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 alikuwa kiongozi wa wodi ya watu wazima, na UKIMWI ulikuwa umeingia. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo kwa wagonjwa wake. Alisimulia wodi iliyojaa vijana, na ndugu walioacha chakula mlangoni bila kuingia. Hapo ndipo furaha yake kuhusu sindano za kutupa ilipotoka: alijua damu inaweza kubeba nini. Sheria aliyoiweka wodini kwake ilikuwa fupi. Damu ya kila mtu ivaliwe glavu, iwe ya tajiri, ya mtoto au ya nesi mwenzako, bila kuangalia sura ya mtu wala kuuliza ana nini. Na kusalimiana kufanyike bila glavu, kwa kila mtu vile vile. Aliwashika mikono wote, dakika nzima kila mmoja, kwenye miaka ambayo kuna wagonjwa hawakuguswa na mtu mwingine yeyote kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mmoja wa waliokuja msibani alikuwa mzee ambaye mdogo wake alilazwa pale. Alisema familia yao iliogopa. Alisema walimkuta Bibi anamnyoa ndevu.

Sitaki kuandika kana kwamba haya yote hayakuwa na gharama, na mama yangu asingenisamehe. Mama ndiye mtoto wake wa kwanza. Zamu ya usiku ilianza saa mbili usiku na kwisha saa mbili asubuhi, na Mama alikua akiwalaza wadogo zake, kisha mchana kuwanyamazisha kwa sababu mama yao amelala chumba kilichofungwa mapazia. Sikukuu kadhaa Bibi hakuwepo. Siku Mama alipopata matokeo mazuri ya shule, mama yake alikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa siku mbili. Hilo lilikaa ndani ya Mama kwa muda mrefu. Aliwahi kumwambia mbele yetu, kwa upole lakini akimaanisha, "Wagonjwa walikupata wewe. Sisi tulipata mabaki." Bibi hakujitetea. Alisema, "Najua, mwanangu. Najua kila siku niliyokosa." Na akazitaja, moja baada ya nyingine, nyingine ambazo Mama mwenyewe alikuwa amezisahau.

Kustaafu kulibadilisha nguo tu. Watu waligonga mlango usiku: mtoto ameungua, mzee amedondoka, mama mchanga titi limevimba. Aliamka, akaosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, magumba na ncha za kucha, polepole, hata kama mtu analia pembeni. Lakini dawa hakutoa. Alikuwa mkali sana hapo. Hakuna aliyechomwa sindano sebuleni kwake, hata waliombembeleza kwa machozi. Alifunga kidonda, akapoza kilichoungua kwa maji ya kawaida yanayotiririka, akaandika barua fupi yenye saa, mapigo, pumzi na alichokiona, kisha akamsindikiza mgonjwa hospitali. Daktari mmoja aliniambia barua za Bibi zilikuwa fupi na hazikukosa kitu.

Kisha akaanguka yeye. Nyonga ilivunjika, akafanyiwa upasuaji, lakini moyo ulikuwa umechoka na hakuweza kusimama tena. Akarudi nyumbani, na siku ya kwanza alituita wote tukazunguka kitanda akatugawia zamu.

Hapo ndipo vitanda vinaporudi. Alitufundisha kuvuta shuka. Alitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, na kamwe tusimburute, tumnyanyue watu wawili kwa shuka ya kati, kwa kuwa kuburuta kunachuna ngozi. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee hewani bila kugusa godoro. Kila tukimgeuza tukague kiunoni, kwenye nyonga, visigino, viwiko, nyuma ya masikio. "Vitabu vyetu vilisema tafuta wekundu," aliniambia. "Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hutauona mapema. Weka mgongo wa mkono. Tafuta pale penye joto kuliko penginepo, au pagumu kuliko penginepo." Akauchukua mkono wangu akaupitisha kwenye kiuno chake mwenyewe, pazuri kwanza, nijue kuzuri kukoje.

Na alidai ripoti. Anayetoka zamu amkabidhi anayeingia, kwa sauti, mbele ya mgonjwa, mgonjwa akisikia. Mama alichukua usiku wote. Hakuna aliyempangia, alisema tu kwamba usiku ni wake. Kila asubuhi nilipofika alisimama upande wa kitanda akasoma kwenye daftari: amelala kuanzia saa sita, amegeuzwa saa nane na saa kumi, amekunywa maji nusu glasi, mapigo 88, pumzi 22, ngozi safi. Bibi alisikiliza macho yamefumbwa. Mara nyingine alisahihisha: "Nilikunywa robo. Nusu ulinimwagia." Asubuhi moja Mama alipomaliza, Bibi alisema, "Ripoti nzuri, Sista," na Mama akatoka nje akakaa huko muda.

Alifariki mchana, katika zamu yangu, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Jioni ile walikuja wauguzi wenzake wa zamani, wazee sasa, mmoja akitembelea fimbo. Waliomba wamwandae wao. Tuliwaachia chumba. Baada ya muda yule mwenye fimbo alifungua mlango, akaniita, akaniuliza alikuwa kitandani kwa muda gani. Nikamwambia ni miezi.

"Nani alikuwa anamgeuza?"

Nikamwambia ni sisi, kwa zamu, na usiku ni Mama.

"Kila baada ya muda gani?"

"Saa mbili."

Akageuka, akawaambia wenzake waliokuwa wameinama kitandani, "Ni watoto wake. Hana kidonda hata kimoja kwa sababu ya watoto wake." Kisha akaniambia nikamwite Mama, anataka amwambie mwenyewe.